Bei ya Deira, Thamani ya Kilindini

Watu wa Amu (Lamu) tumezoea kununua kwa mtu tunayemjua. Mjomba yuko Dubai, bin-ami ana ghala Maskati, na pesa hupitia mkononi mwa mtu anayeaminika mtaani. Bei hukubaliwa kwa simu, mzigo hufungwa, na karatasi huandikwa mwisho, ikiwa itaandikwa. Tabu ya mtindo huu haionekani Deira, sokoni Dubai, wala Langoni, mtaani kwetu. Huonekana Kilindini, bandarini Mombasa, afisa wa forodha anapoitazama invoisi yako ya taa na feni na kukwambia kwamba bei hiyo haimwingii akilini.

Nina duka la vyombo na mapambo ya nyumba za wageni hapa Langoni, na wateja wangu wengi ni wenye nyumba za Shela. Nawaandikia nyinyi mnaotaka kuagiza wenyewe baada ya miaka ya kununua jumla Mombasa. Ugomvi wa thamani huamuliwa siku unayomlipa muuzaji, wala si siku meli inapotia nanga.

Tuanze na hesabu, maana wengi huiachia ajenti wa forodha. Ushuru Kenya unatozwa juu ya bei ya bidhaa, nauli ya meli hadi bandarini na bima, vyote vikijumlishwa. Tuseme jumla hiyo ni dola 10,000, na bidhaa yako iko kwenye daraja la asilimia 25 la ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, ambako vitu vingi vilivyokamilika vimo. Ushuru ni dola 2,500. VAT ya asilimia 16 inapigwa juu ya 12,500, yaani 2,000. Ada ya tamko la uagizaji ni asilimia 2.5, sawa na 250, na tozo ya reli, iliyorudishwa asilimia 2 mwisho wa 2024, ni 200. Jumla yake 4,950. Kwa hiyo kila dola afisa anayoiongeza kwenye thamani inakutoa karibu nusu dola. Akiipandisha 10,000 ikawa 14,000, umeongezewa dola 1,980 za kulipa, na taa ni zile zile. (Sayyid Said alipotiliana mkataba na Wamarekani mwaka 1833, ushuru ulikuwa asilimia 5 basi. Hesabu hiyo hata mtoto wa chuoni angeiweza.)

Afisa hana ruhusa ya kubuni thamani kichwani. Sheria ya usimamizi wa forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 122 pamoja na Jedwali la Nne, imefuata mkataba wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) kuhusu thamani ya forodha. Msingi wake ni bei uliyolipa kweli, au utakayolipa, kwa bidhaa iliyouzwa kuja nchini. Bei hiyo ikikataliwa kwa sababu za haki, ndipo anashuka hatua kwa hatua: bidhaa ile ile iliyoagizwa na wengine, kisha inayofanana nayo, kisha hesabu ya kurudi nyuma kutoka bei ya kuuzia hapa nchini, kisha gharama za kuitengeneza, na mwisho makadirio yanayofuata kanuni hizo hizo. Bei za chini zilizopangwa tu na thamani za kubuni zimekatazwa. Lakini afisa ana haki ya kuwa na shaka, na akishaonyesha shaka, kazi ya kuiondoa ni yako.

Utaiondoa kwa nini? Kwa alama za pesa. Invoisi peke yake ni karatasi aliyoichapa muuzaji. Inapata nguvu ikiwa na oda uliyoandika, bei aliyokupa kwanza, mazungumzo ya kupatana, na hati ya benki yenye kiasi kile kile, jina lile lile na tarehe inayoeleweka. Pesa iliyopita kwa hawala, mkononi mwa mtu, imefika, sikatai, lakini mbele ya meza ya forodha haina mdomo. Ukiwa huna budi kutumia njia hiyo, basi walau sehemu kubwa ya malipo ipite benki, na muuzaji akupe stakabadhi kwa kila fungu.

Pia mwambie muuzaji aeleze punguzo. Deira unaweza kupata feni kwa bei ya chini mno kwa sababu ni rangi ya mwaka jana au katoni zimeloa. Sababu hiyo iandikwe kwenye invoisi yenyewe, kando ya bei ya kawaida. Barua ya maelezo inayokuja wiki tatu baadaye, afisa ameshasema neno, kila mtu anajua imeandikwa kwa ajili gani.

Suala la jamaa linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu sheria inawahesabu watu wa familia moja kuwa ni wanunuzi na wauzaji wenye uhusiano. Hilo halifanyi bei yako kuwa batili. Linampa afisa sababu ya kuuliza kama undugu umeishusha. Dawa yake ni kumwomba bin-ami invoisi alizowauzia watu baki bidhaa hiyo hiyo katika miezi hiyo hiyo. Ataona haya kidogo kutoa siri za dukani, nawe utaona haya kuziomba. Ziombeni tu. Na msifiche ujamaa kwenye tamko, maana Mombasa majina yetu ya ukoo yanajulikana.

Jambo jingine linalowaponyoka wengi wa huku ni safari ya baada ya bandari. Magogoni, kwenye bandari mpya ya Lamu, gati la kwanza lilizinduliwa Mei 2021, lakini kontena la mwenye duka kama mimi bado hushuka Kilindini, likapanda lori kupitia Malindi na Garsen hadi Mokowe, ndipo mzigo ukavushwa kwa boti. Muuzaji akikupa bei moja ya kukufikishia hadi Amu, bila kuigawa, ushuru utapigwa hata juu ya lori na boti. Nauli ya ndani ya nchi haiingii kwenye thamani, mradi imetengwa na inaonekana. Mwambie aandike mistari mitatu: bidhaa, meli na bima, kisha usafiri wa baada ya Mombasa. Vivyo hivyo ujira wa mtu aliyekununulia kwa niaba yako hauongezwi, ilhali kamisheni ya upande wa muuzaji huongezwa. Kwa hiyo mkataba wa huyo kijana wako wa Deira uwe wa maandishi.

Kontena la kuchangia silipendi. Ni rahisi kwa mzigo mdogo, lakini mara nyingi tamko ni la mwenye kontena, na wewe hubaki na kikaratasi cha kilo ulizochangia. Huna hati ya ushuru yenye PIN yako ya kodi, huwezi kudai VAT uliyolipa, na safari ijayo huna historia ya bei ya kuonyesha.

Sasa ajenti. Yuko atakayekwambia, "Bi mkubwa, tuiandike nusu, wakipandisha tutakutana katikati." Mkimbie. Tamko la uongo ni kosa chini ya kifungu cha 203 cha sheria ile ile ya forodha, kifungo hadi miaka mitatu au faini hadi dola 10,000, na jina lililo kwenye tamko kama mwagizaji ni lako. Ajenti mzuri hukuuliza maswali mengi kabla meli haijang'oa nanga: bidhaa imetengenezwa kwa nini, inatumia umeme kiasi gani, imetoka nchi gani. Anatafuta namba sahihi ya uainishaji, kwa sababu ugomvi mwingine unaoitwa wa thamani kumbe ni wa daraja la ushuru. Mkataba wa WTO wa kurahisisha biashara, ulioanza kutumika Februari 2017 na ambao Kenya imo, unampa mwagizaji nafasi ya kuomba uamuzi wa mapema kuhusu uainishaji na asili ya bidhaa. Kwa mzigo unaourudia kila msimu, omba.

Wakipandisha thamani licha ya hayo yote, usipige kelele dirishani. Andika barua kuomba maelezo ya maandishi ya njia waliyotumia. Ni haki yako. Uamuzi ukichelewa, omba kuachiliwa mzigo kwa dhamana, kwa sababu demereji na storeji, yaani ada za kuchelewesha kontena na za kulaza mzigo bandarini, hazisubiri haki. Una siku 30 kuomba kamishna wa forodha aupitie upya uamuzi, naye ana siku 30 kujibu; akinyamaza, ombi huhesabiwa limekubaliwa. Ukikataliwa, una siku 45 kwenda mahakama ya rufaa za kodi. Kwa tofauti ndogo ya dola mia hivi, mimi ningelipa niende zangu, lakini ningeandika kwamba nalipa bila kuikubali hiyo thamani, isije ikanukuliwa kama bei yangu mwenyewe mzigo ujao.

Makaratasi yote yatunze miaka mitano, kwani wanaweza kurudi kukagua hata taa zikishauzwa zamani. Zipige picha stakabadhi za mashine wiki ile ile unayozipata. Kwa joto la Amu, wino wake hufutika kabla ya mwaka.