Usiniulize Tena Nalalaje Masaa Manne

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nipe siri ya kulala masaa manne na bado ukapiga kazi." Nikaona aibu. Siri hiyo niliitangaza mwenyewe, hapa hapa, tena kwa majigambo.

Wakati ule nilikuwa nalala saa sita usiku, naamka saa kumi alfajiri, na kazini wananiita Mashine. Nililipenda jina lile. Bosi alinitolea mfano vikaoni: "Muigeni huyu." Kisha siku moja, kwenye kikao kama hicho, nikasinzia mbele ya wateja. Si kusinzia kwa kuibia, nilikoroma. Jumatatu yake nikakabidhiwa barua ya onyo, sahihi ni ya yule yule aliyekuwa akinitumia kazi saa tano usiku na kutaka majibu kabla hakujakucha. Barua ninayo mpaka leo.

Baadaye nikasoma utafiti wa Australia uliotoka 1997: mtu akikaa macho saa 17 mfululizo, utendaji wake hushuka kama wa mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 kwenye damu. Mimi nilikuwa nafikisha 20 kila siku. Yaani nilikuwa naendesha gari na kuidhinisha malipo kama mlevi, na makofi napigiwa.

Mnataka mbinu, najua. Mtu mzima anahitaji angalau masaa saba. Amka saa ile ile kila siku, hata Jumapili. Kahawa ya saa kumi jioni iache. Saa tatu usiku karibu nusu ya kafeini yake bado imo mwilini. Simu ilale chumba kingine. Na amka saa ile ile (narudia, maana ndiyo iliyoniponya). Ukiambiwa unakoroma na pumzi inakatika usingizini, achana na mimi, nenda kwa daktari.

Lakini nyie mabosi, na nyie mnaopanga zamu na ratiba za shule, mtu atalalaje masaa saba kwenye usiku mliomwachia matano? Vijana wanahitaji masaa nane hadi kumi, na wakibalehe usingizi wao huchelewa kuja. Mnawaamsha gizani, halafu mnawaita wavivu! Mwaka 2022 American Heart Association, chama cha Marekani cha afya ya moyo, iliuweka usingizi kwenye orodha yake ya mambo manane ya kulinda moyo, pamoja na chakula na mazoezi. Sisi bado tunauhesabu kuwa zawadi ya aliyemaliza kazi.

Na wewe ndugu yangu, ujumbe wako uliingia saa nane na nusu usiku. Niliuona asubuhi.