Uliza Nesi: Miezi 14 bado hatembei, nina tatizo?

SWALI: Shikamoo nesi. Mwanangu wa kiume ana miezi 14, anasimama dede akishika kochi na anazunguka nalo pembeni, ila kutembea hatembei, na hata kutambaa hajawahi yani anajiburuza kwa makalio tu. Mtoto wa jirani ana miezi 11 anakimbia! Mama mkwe anasema mimi namdekeza, anataka nimnunulie woka, kile kigari cha magurudumu anachokaa mtoto akakisukuma kwa miguu. Na kilo nazo zimegoma, alizaliwa na 3.2, miezi sita akawa na 8, leo ana 9.8 tu. Nina presha. Mama wa Mbagala.

JIBU: Marahaba mwanangu, hebu shusha presha kwanza. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, watoto wazima wa afya, wakakuta kuna wanaotembea wenyewe na miezi 8 na kitu, na wengine mpaka 17 na kitu, na wote hao ni kawaida. Sasa wa jirani yuko mwanzo wa foleni, wako yupo katikati, tatizo liko wapi? Na kutambaa kwa magoti sio lazima, kwenye utafiti huohuo karibu watoto 4 katika 100 waliruka hiyo hatua.

Hawa wa kujiburuza kwa makalio mara nyingi huchelewa kidogo kutembea, na mara nyingi ni mambo ya ukoo. Kwahiyo kabla ya kubishana na mama mkwe muulize kwa adabu tu, hivi baba yake huyu alitambaaje na alitembea lini? Unaweza ukashangaa yeye ndo wa kwanza kucheka.

Ila woka hapana. Haimfundishi kutembea, inamzoesha kusukuma kwa ncha za vidole huku ananing'inia, halafu inampeleka mbio kwenye jiko la mkaa na ngazi, Canada walipiga marufuku kuziuza tangu 2004. Muache peku ndani, sakafu imsaidie vidole kushika, weka kikombe anachokipenda mwisho wa kochi akifuate. Stuli ya plastiki nayo anaisukuma vizuri tu, mkae nae karibu.

Kilo: miezi sita ya kwanza aliongeza karibu 5, ukategemea aendelee hivyo si angekuwa tembo! Mwaka wa pili mtoto wa kawaida huongeza kama kilo 2 na nusu mwaka mzima, na hamu ya kula inashuka. Kilo 9.8 kwa umri wake ni nzuri. Angalia mstari kwenye kadi ya kliniki, ukipanda taratibu sawa, ukilala au kushuka miezi miwili mitatu mfululizo hapo uende.

Na usiningojee mimi kwenye gazeti ukiona miguu imekakamaa au imelegea kama kitambaa, anatumia mkono mmoja tu mwingine kauacha, au kitu alichokuwa anakiweza jana leo hakiwezi tena. Hayo ni ya hospitali, hata kesho asubuhi. Akifika miezi 18 hajapiga hatua mwenyewe mpeleke pia, hata kama anacheka na kula vizuri. Matege madogo wala usiyahangaikie kwa sasa, chini ya miaka miwili wengi wanayo.