Bizari ukutani, wifi mlangoni

Juzi mama mmoja kaniandikia: "Dada, mwanangu ana miaka 2, nikigeuka tu kaingiza mikono kwenye ndoo. Nimfanyeje?" Nikacheka. Mwenzangu analalamikia kitu nilichokiombea dua.

Wa kwangu alikuwa hashiki kitu. Ugali alishwe kwa kijiko. Tone la mlenda likimgusa kidole, kilio mpaka ufute. Mama yangu akasema nimemdekeza. Sikubisha.

Tulikuwa tumepanga chumba na sebule Tabata. Nikaanza na unga wa ngano: vikombe 2, chumvi nusu kikombe, mafuta kijiko, maji ya moto, unakanda kama wa chapati. Rangi nikatia bizari, ndiyo iliyokuwepo. Siku ya kwanza aligusa kwa ncha ya kidole, akaninyooshea kana kwamba kimeungua. Siku ya tatu akatoboa shimo kwa dole gumba, akalichungulia weee. Wiki ya pili natoka kuanua nguo, narudi, donge lote liko ukutani na yeye analipiga makofi.

Hapo hapo hodi. Wifi yangu. Akatazama ukuta, akamtazama mtoto, njano mpaka kwenye nyusi. "Watu wanalala njaa, nyie mnachezea unga." Hata chai hakunywa. (Unga wenyewe ulikuwa umeingia wadudu, lakini nani angenisikiliza?) Neno lile ninalo mpaka leo, na sitajifanya nimesamehe. Mwenye nyumba naye alitukata hela ya rangi tulipohama.

Sasa ushauri. Tandika mkeka mkuukuu nje, mvalishe nguo chakavu, weka beseni. Mchanga, udongo, maji, vikombe vya plastiki, basi. Ukipata kornfulawa, ule unga wa kufanya mchuzi uwe mzito, changanya vikombe 2 na maji kikombe 1: ukiubana unakuwa mgumu, ukiuachia unachuruzika. Wangu alidhani ni mazingaombwe. Penye maji usibanduke, hata yakiwa kidogo. Maharage subiri akue, yanaingia puani. Donge la chumvi asile. Na mkeka nje, narudia, nje!

Mama zangu, tunawafuta watoto mikono kutwa nzima kwa kuogopa wageni. Nyumba inang'aa, mtoto anaogopa tope. Tunamlea nani hapo, mtoto au sofa? Mwache achafuke. Sabuni ipo.

Pasaka iliyofuata tulialikwa kwa wifi. Ugali na mlenda. Mwanangu akamega tonge mwenyewe, akalifinyanga, akalitoboa kwa dole gumba, akachota, akalamba mpaka kiganja. Wifi akasema, "Huyu anajua kula."

Nikamwomba aniongezee mlenda.