Askari wasomi wa chuo chako cha angani

Ndugu, umeuliza utawaandikaje askari wasomi wanaoua kwa ajili ya chuo kikuu chao huko angani, msomaji awaamini. Anza na Oxford, mji wa chuo kikuu huko Uingereza. Februari 10, 1355, wanafunzi waligombana na mwenye baa kwa sababu ya mvinyo mbaya. Katika ghasia hizo watu wa mji wakaua wasomi wapatao 63, na mji ukatozwa faini ya kukilipa chuo peni 63 kila mwaka hadi 1825. Peni moja kwa kila maiti! Ukatili wa kisomi ndio huo, unatunza hesabu. Kwa hiyo askari wako asifoke. Akishaua, afute damu vidoleni asichafue karatasi, aandike jina la marehemu kwa mwandiko safi, kisha aulize vitabu vyake viko wapi.