Nusu marathoni ya kwanza yenye mavazi na mbwembwe

Ukishajiandikisha kwenye mbio za kujifurahisha, zile ambazo watu hutokea na mabawa mgongoni, taji kichwani na sketi za wavuwavu, hakosi mtu wa kukuambia kwamba hizo si mbio za kujisumbua nazo. Usimsikilize. Mchezo uko kwenye mavazi tu. Umbali ni uleule wa kilomita 21 na mita 97 na nusu, na magoti hayajali umevaa nini.

Lakini kwa mtu wa mara ya kwanza, mimi ningechagua mbio za namna hii kuliko zile za wenye haraka. Wanaotembea ni wengi, barabarani kuna muziki na kelele, na ukimaliza hakuna anayekuuliza umetumia muda gani. Shida yake ni kwamba raha yenyewe inakula dakika na inakula miguu, kwa hiyo lazima uwe umejiandaa zaidi ya kiwango cha kufika tu.

Kitu cha kwanza kusoma kwenye kanuni ni muda wa mwisho. Mbio za runDisney kule Marekani, zinazoandaliwa na kampuni ya burudani ya Disney na ambazo wapenzi wengi wa mbio za aina hii wanazijua, hutaka mshiriki awe na wastani usiozidi dakika 16 kwa maili, yaani karibu dakika 10 kwa kilomita. Nusu marathoni nzima inakuwa saa tatu na nusu hivi. Mtu anayetembea kilomita 6 kwa saa bila kusimama popote anafika ukingoni kabisa mwa muda huo. Sasa ongeza foleni ya choo, ongeza foleni ya kupiga picha na wahusika wa katuni waliosimama njiani. Anayekimbia kwa dakika 8 na nusu kwa kilomita anamaliza chini kidogo ya saa tatu, hivyo ana akiba ya nusu saa. Picha tano za dakika nne nne zimekula dakika 20, na bado anapumua. Kasi hiyo si ya kumringia mtu, ni ya kununulia picha.

Soma pia jinsi watu wanavyopangwa kuanza. Mbio kubwa huanza kwa makundi, na kundi la mwisho linaweza kuvuka mstari dakika nyingi baada ya la kwanza. Muda wako rasmi kwa kawaida huhesabiwa na chipu, kidude kidogo cha kupimia muda unachokimbia nacho, kuanzia unapovuka mstari wewe mwenyewe, lakini magari ya kufunga njia, yale yanayowaokota waliochelewa, mara nyingi hufuata mtu wa mwisho kuanza. Ukianza mapema una nafasi ya kupumua. Ukianza mkiani unasukumwa tangu hatua ya kwanza. Kama waandaaji wanakubali matokeo ya kilomita 10 kama ushahidi wa kasi yako, tafuta mbio za kilomita 10 miezi miwili mitatu kabla, ukimbie, uwapelekee hayo matokeo.

Kwenye mazoezi sitakuchosha. Kama sasa unaweza kukimbia kilomita 5 bila kufa, wiki 12 zinatosha. Siku tatu au nne kwa wiki, na mojawapo iwe ya umbali mrefu unaopanda polepole hadi kilomita 16 au 18. Kila baada ya wiki tatu punguza, mwili ushike pumzi. Si lazima ufikishe 21 mazoezini. Kasi ya siku ndefu iwe ile inayokuruhusu kuongea sentensi nzima. Ukianza kujibu kwa neno moja moja, umezidisha. Wiki mbili za mwisho punguza kilomita hata kama miguu inawasha. Mazoezi ya dakika za mwisho hayaongezi pumzi, yanaongeza uchovu tu.

Na tembea. Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, ndiye aliyeueneza sana utaratibu wa kukimbia na kutembea kwa zamu, na kwa mbio hizi unafaa kabisa. Siri ni kuanza kutembea mapema, ungali mzima. Kimbia dakika tatu, tembea moja, tangu kilomita ya kwanza. Wanaosubiri hadi miguu igome ndio unaowakuta kilomita ya 17 wameshika kiuno.

Sasa mavazi, ambayo wageni wengi huyafikiria siku mbili kabla. Mavazi ni kifaa cha mbio kama viatu. Yavae kwenye zoezi la angalau kilomita 10, yote, pamoja na kofia. Nyumbani mbele ya kioo mabawa yanapendeza. Kilomita ya sita ule mshono wa mkanda unaopita kwapani umeshakuwa msumeno. Vitu vya kumetameta vinakwaruza upande wa ndani wa mkono kila unapopunga, maana mkono unapita palepale maelfu ya mara. Tazama ngozi baada ya zoezi: palipo wekundu leo patakuwa kidonda siku ya mbio. Paka mafuta mazito ya mgando kwapani, mapajani na chini ya mikanda yote, na kwa wanaume, chuchu zifunikwe na plasta. Ni jambo la kuchekesha mpaka siku unapooga na maji ya moto.

Namna salama ya kuvaa ni kuanza na nguo zako za mbio ulizozizoea, kisha uzipambe juu kwa vitu vyepesi vinavyoweza kuvuliwa na kutupwa. Rangi za usoni zipake mbali na nyusi, kwa sababu jasho litazishusha machoni. Kitu kipana cha mgongoni kinakamata upepo na kukurudisha nyuma. Mbio nyingi hukataza vinyago vinavyofunika uso wote na silaha za bandia, kwa hiyo soma kabla hujashona. Namba ya kifuani lazima ionekane, maana wapiga picha huitumia kukutafuta. Ukiwa na vazi la mbele lenye mapambo, tumia mkanda wa namba kiunoni. Halafu jaribu kuingia chooni na vazi hilo. Sitanii. Choo cha kuhamishika, giza la alfajiri, foleni nyuma yako, na vifungo saba mgongoni.

Viatu tu ndivyo visivyo na mchezo. Viwe vile ulivyofanyia mazoezi. Viatu vipya vinavyolingana na rangi ya vazi ni mwaliko wa malengelenge.

Siku yenyewe, kilomita tano za mwanzo zitakuwa za msongamano. Usipite watu kwa kukata huku na huku. Njia hupimwa kwa mstari mfupi zaidi unaowezekana kukimbiwa, kwa hiyo kila mchepuko ni umbali wa ziada, na saa yako itasoma 21 na nusu kabla hujaona mwisho. Unapotaka kutembea au kusimama kupiga picha, inua mkono na usogee pembeni kwanza, usifunge breki katikati ya watu. Picha zenye foleni fupi zichukue mapema. Baada ya kilomita ya 15 kusimama dakika tano kunakaza misuli, na kuanza tena kunauma kuliko kuendelea.

Maji kunywa kwa kiu. Wanaokwenda polepole wana muda mwingi wa kunywa kwenye kila kituo, na kuzidisha maji kunashusha chumvi ya damu hadi kiwango cha hatari. Utakuwa njiani zaidi ya saa mbili, hivyo unahitaji pia kitu cha sukari, jeli au chochote ambacho tumbo lilishakikubali mazoezini. Kinachogawiwa njiani na hujawahi kukionja, pitia mbali.

Ukivuka mstari, endelea kutembea. Kusimama ghafla kunaiacha damu miguuni na watu wengine huanguka hapohapo, medali shingoni. Badilisha nguo zilizolowa, kula ndani ya saa moja, picha za kikundi zifuate. Kesho yake na kesho kutwa ngazi zitakuwa adui, hasa za kushuka. Shika ukuta, shuka hata kinyumenyume, hakuna anayejali. Tembea kidogo kila siku, acha kukimbia kwa wiki moja, na mavazi yale yafue kwa mikono kabla chumvi ya jasho haijakaukia kwenye mishono.