Minara isiyo ya simu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mdogo wangu yuko Istanbul, anasomea udaktari wa hisabati. Kila akipiga simu anasema anashughulika na minara. Mama ameshawatangazia majirani kwamba mwanawe ni fundi wa minara ya simu, na juzi mmoja kaja kuuliza kama kuna nafasi ya kazi. Nilipombana mdogo wangu, akasema ni minara ya fanksheni za aljebra juu ya viwanja vyenye ukomo. Nikaishia hapo. Mimi nauza saruji na nondo, hesabu yangu ni ya Kidato cha Nne. Ni minara gani hiyo, na inamsaidia nani? – Dada mtu, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Jirani mwambieni mapema asiuze mbuzi kwa ajili ya nauli.

Kiwanja hapa si cha kupimiwa na bwana ardhi. Ni mkusanyiko wa namba unaoweza kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya ndani yake bila kutoka nje, isipokuwa kugawanya kwa sifuri. Kiwanja kidogo ninachokipenda kina namba nne tu: 0, 1, a na b. Sheria zake: namba yoyote ukiijumlisha na yenyewe unapata 0; a+1=b na a+b=1; a×a=b, b×b=a, a×b=1. Usidhani ni saa yenye namba nne. Kwenye saa hiyo 2×2 ni 0, na kugawanya kunavurugika. Mimi mwenyewe niliwahi kulifundisha kosa hilo, nikasahihishwa na binti wa dawati la nyuma.

Sasa mnara. Ghorofa ya kwanza ni x na sehemu zote (kitu juu, kitu chini) unazoweza kuunda kwa x na zile namba nne; hizo ndizo fanksheni. Ghorofa ya pili unaongeza y, kwa sharti kwamba y²+y = x²/(x+1). Ya tatu unaongeza z, sharti ni lile lile: z²+z = y²/(y+1). Unapanda hivyo bila kikomo, na kila ghorofa imeibeba ile ya chini yake. Ramani hiyo ilitolewa mwaka 1996 na Arnaldo Garcia wa Brazili na Henning Stichtenoth wa Ujerumani. Mwaka mmoja kabla walikuwa wametoa mnara wao wa kwanza.

Chukua kalamu. Mimi nilifanyia nyuma ya risiti ya LUKU. Weka x=a. Juu unapata a×a=b, chini a+1=b, jibu 1. Weka x=b: juu a, chini a, jibu 1 tena. Kwa hiyo tunatafuta y ambayo y²+y=1. Jaribu a: b+a=1, imekubali. Jaribu b: a+b=1, nayo imekubali. Yaani kila a au b inazaa watoto wawili, a na b, nao wanazaa wawili wawili, hawakosi hata mmoja. Kila njia ya kupanda kwa a na b tunaiita nukta. Nukta zinakwenda 2, 4, 8, 16. Ghorofa ya kumi ni 1,024.

Lakini mnara una gharama, inaitwa jenasi. Ukitaka picha, mpira hauna tundu, jenasi 0. Tairi lina tundu moja, jenasi 1. Katika mnara huu jenasi inakwenda 0, 1, 3, 9, 21, 49, na ghorofa ya kumi ni 961. Gawanya nukta 1,024 kwa jenasi 961: moja na chenji kidogo. Ukizidi kupanda, ile chenji inayeyuka na unabaki na 1. Wanahisabati Drinfeld na Vlăduţ walishathibitisha mwaka 1983 kwamba huko juu uwiano huo hauwezi kuvuka kipeuo cha pili cha idadi ya namba za kiwanja, kutoa moja. Kwetu ni 2−1, yaani 1. Mnara umegusa dari. Mimi hapo huweka kalamu chini nikanywa chai.

Faida? Angalia kibandiko cha QR cha kulipia hapo dukani kwako. Kikichubuka kidogo, simu bado inakisoma, kwa sababu ndani yake kuna msimbo wa Reed–Solomon unaosahihisha makosa, uliojengwa juu ya kiwanja cha namba 256. Msimbo huo unaokota nukta zake kwenye mstari mmoja tu, kwa hiyo urefu wake unabanwa na ukubwa wa kiwanja. Mwanahisabati Goppa alionesha kwamba ukiokota nukta kwenye milinganyo mikubwa zaidi unapata misimbo mirefu: nukta nyingi ni faida, jenasi ni hasara. Mwaka 1982 Tsfasman, Vlăduţ na Zink walionesha kwamba kwenye viwanja ambavyo idadi ya namba zake ni mraba, kuanzia 49, misimbo ya namna hiyo inaweza kushinda kipimo cha Gilbert na Varshamov, ambacho wengi walikiona ndio mwisho wa uwezo wa misimbo. Kibandiko chako hakina minara, nisikudanganye.

Mdogo wako akipiga tena, muulize kiwanja chake kina namba ngapi. Akisema 4, 9 au 49, hapo dari limeshaguswa, ana wenzake wa kuwauliza. Akisema 2, ile 0 na 1 ya kompyuta, dari lake halisi halijulikani mpaka leo. Basi usimuulize anamaliza lini.