Barza ya Wasomaji: Vita vya Ukraine vikisha, Urusi itaelekea wapi?

Assalaam alaykum. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wanasema Muungano wa Kisovieti ulitoka Afghanistan 1989 na kufikia 1991 ukasambaratika. Je, Urusi nayo itapasuka? — Mwalimu wa historia, Wete

Waalaykumu salaam, Mwalimu. Hatuoni dalili hiyo. Muungano wa Kisovieti ulikuwa na jamhuri 15, kila moja na bunge lake, na katiba ya 1977 iliziruhusu kujitoa. Warusi walikuwa takriban nusu ya watu wote. Urusi ya leo haina ruhusa kama hiyo kwenye katiba, na Warusi ni zaidi ya asilimia 70. Tatarstan, jamhuri ndani ya Urusi yenye mafuta na iliyodai mamlaka yake miaka ya 1990, imezungukwa na mikoa ya Urusi kila upande. Ikijitoa, haina mpaka na nchi nyingine wala bandari ya kupitishia bidhaa. Pa kuangalia ni Chechnya, jamhuri nyingine ndani ya Urusi, iliyopigana na Moscow kuanzia 1994 na tena 1999. Utulivu wake unamtegemea kiongozi wake, Ramzan Kadyrov, na fedha zinazotoka Moscow, na kimoja kikikatika cha pili hakitatosha.

Waambie pia kwamba Afghanistan haikuwa sababu pekee. Bei ya mafuta iliporomoka 1986, na serikali ya Kisovieti ikaanza kuishi kwa mikopo.

Bunduki zikinyamaza si uchumi wao utapumua? — Mwanafunzi, Tunguu

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na wengi hupapita haraka. Bajeti ya 2025 ilitenga ruble trilioni 13.5 kwa ulinzi, karibu theluthi ya matumizi yote ya serikali kuu. Fedha hizo ni mishahara ya watu. Zinalisha miji kama Nizhny Tagil, kwenye kiwanda cha vifaru cha Uralvagonzavod, na zinalisha familia za wanajeshi wa mkataba. Mwaka 2024 serikali kuu ilitoa ruble 400,000 kwa anayesaini, na jiji la Moscow peke yake likafikisha milioni 1.9. Mshahara wa mstari wa mbele unapita ruble 200,000 kwa mwezi. Askari huyo akirudi kijijini, hakuna kazi ya kumlipa hata nusu yake.

Serikali ikikata oda za silaha ghafla, viwanda vitafunga. Ilifanya hivyo 1992, na miji mizima ikabaki bila mishahara. Isipokata, fedha zitaendelea kuingia mifukoni bila bidhaa za kununua, na bei zitapanda. Ndiyo maana Benki Kuu ilipandisha riba hadi asilimia 21 Oktoba 2024. Kwa riba hiyo mwenye kiwanda cha viatu hakopi. Kodi ya faida ya kampuni nayo ilitoka asilimia 20 hadi 25 mwaka 2025. Kwa maoni yetu watapunguza polepole, na kisingizio wanacho: maghala ya vifaru vya enzi ya Kisovieti yametumika sana na yanahitaji kujazwa.

Gesi haitawaokoa upesi. Kabla ya vita Ulaya ilinunua takriban mita za ujazo bilioni 150 kwa mwaka. Bomba linalokwenda China, lililofunguliwa 2019, uwezo wake ni bilioni 38. Mnunuzi akiwa mmoja, bei anaipanga yeye.

Ukitaka kufuatilia, tazama mambo mawili kila mwezi: riba ya Benki Kuu na bei ya Urals, yaani mafuta ghafi ambayo Urusi huuza nje. Riba ikishuka huku mafuta yakiwa na bei nzuri, wana nafasi ya kugeuza viwanda. Mafuta yakishuka na riba ikabaki juu, tegemea kodi mpya.

Natembeza wageni. Warusi wanakuja lakini kadi zao zinakataa. Amani ikija zitafanya kazi? — Nungwi

Si mara moja, ndugu yetu. Visa na Mastercard zilisitisha kazi Urusi Machi 2022, hivyo kadi iliyotolewa na benki ya huko haifanyi kazi nje. Kurudi kwao ni uamuzi wa kampuni zenyewe, na benki zilizotolewa SWIFT, mtandao wa benki duniani wa kupeana taarifa za malipo, zinahitaji uamuzi wa Umoja wa Ulaya. Vikwazo huwa vinaishi kuliko sababu yake: sheria ya Marekani ya 1974 iliyobana biashara na Wasovieti ilifutwa kwa Urusi 2012, miaka 21 baada ya dola hiyo kufa. Kwa hiyo patana malipo kabla mgeni hajapanda ndege, na umuulize kadi yake imetolewa na benki ya nchi gani. Usikubali fedha kutoka akaunti ya mtu wa tatu usiyemjua. Benki yako inaweza kuzizuia, nawe mgeni umeshamhudumia.

Putin akiondoka, nani anashika? — Msomaji, Chake Chake

Kikatiba ni waziri mkuu, ambaye tangu Januari 2020 ni Mikhail Mishustin. Anakaimu, na uchaguzi unafanyika ndani ya miezi mitatu. Marekebisho ya 2020 yanamruhusu Putin, aliyezaliwa 1952, kugombea hadi akae 2036. Waziri mkuu hana jeshi wala idara ya usalama mkononi, na miezi hiyo mitatu ndiyo itakayoonesha wenye navyo wanamtaka nani.